Taa mbili ziwani

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa ndakala wa Baraka, kwenye Ziwa Tanganyika, huwasha taa juu ya maji ili kuwavuta samaki. Tuseme mmoja wao, mtu wa miaka 50 hivi, anatazama mtumbwi wa mwenzake na kuona taa mbili zikiwa sambamba. Anajua mwenzake ana taa moja. Anafikicha macho, taa zinabaki mbili. Halafu anafumba jicho la kushoto, na taa ya pili inatoweka.

Hapo amejifanyia kipimo cha maana kuliko anavyodhani, tena bila kulipa hata faranga moja. Munganga anayejua kazi yake ataanza na swali hilohilo: ukifumba jicho moja, kitu cha pili kinaondoka au kinabaki?

Kikibaki, kasoro iko ndani ya jicho lililo wazi. Huenda ni mtoto wa jicho, kovu kwenye kioo cha mbele, ukavu, au mtu anahitaji miwani tu. Nuru inatawanyika kabla ya kufika nyuma ya jicho. Mtoto wa jicho hutibiwa kwa upasuaji: lenzi iliyochafuka hutolewa na ya bandia huwekwa mahali pake.

Kikiondoka, habari ni nyingine kabisa. Kila jicho linaona vyema, ila macho mawili hayaelekei mahali pamoja. Jicho huzungushwa na misuli sita inayoamrishwa na neva tatu kutoka ubongoni, na kazi ya ubongo ni kuunganisha picha mbili ziwe moja. Msuli mmoja ukilegea kidogo tu, picha zinaachana.

Kwa nini neva ishindwe? Kisukari na shinikizo la damu huziba mishipa midogo inayoilisha. Mara nyingi hali hiyo hupona yenyewe ndani ya miezi mitatu hivi, sukari na presha zikidhibitiwa. Neva ya sita, inayovuta jicho kuelekea nje, hudhurika shinikizo linapopanda ndani ya fuvu. Kwa hiyo homa, shingo ngumu na kuona mbili vikija pamoja, homa ya uti wa mgongo lazima ishukiwe, na kwa mwenye VVU, maambukizi ya kuvu ubongoni.

Halafu kuna pikipiki. Motari anayeanguka bila kofia ngumu anaweza kuumia neva ya nne, ambayo ni nyembamba na haivumilii kishindo. Huyo haoni vitu kandokando bali kimoja juu ya kingine, na hali huwa mbaya zaidi anapotazama chini. Mtazame vizuri: ameinamisha kichwa begani, siku nzima, bila kujua kwamba anazilazimisha picha zikutane. Ndugu zake hudhani shingo ndiyo inayouma.

Mnywaji wa lutuku asiyekula vizuri huweza kuishiwa vitamini B1 hadi macho yagome kugeuka, akaanza kuyumba na kuchanganyikiwa. Si ulevi wa kawaida huo. Akidungwa B1 mapema, macho huweza kuanza kusogea ndani ya saa chache. Akicheleweshwa, kumbukumbu huweza kuharibika moja kwa moja. Na yupo ambaye asubuhi ni mzima lakini jioni kope zinaanguka na vitu vinakuwa viwili. Huyo ana udhaifu wa misuli unaoletwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, na dawa zake zipo.

Mwaka 1858 wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipita maji haya kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Speke alikuwa na uvimbe mbaya wa macho. Siku walipolifikia ziwa, mwezi Februari, aliona ukungu tu. Ukungu si picha mbili, lakini mgonjwa wa leo hutumia maneno yaleyale kwa yote mawili: “macho yananisumbua.” Muuguzi asipouliza zaidi, anampa dawa ya matone na kumrudisha nyumbani.

Matibabu huanza na chanzo. Wakati wa kusubiri, jicho moja hufunikwa kwa kitambaa, au plasta hubandikwa kwenye kioo kimoja cha miwani. Mtu anarudi kutembea na kumimina chai bila kukosa kikombe. Miwani ya prizimu hupinda nuru ili picha zikutane. Macho yasiporudi baada ya miezi sita hivi, mpasuaji anaweza kurekebisha misuli yenyewe, jambo ambalo kwa mtu wa Baraka huenda likamaanisha safari ndefu hadi Bukavu au ng'ambo ya ziwa.

Mtoto mwenye makengeza ndiye wa kumhofia zaidi, kwa sababu halalamiki. Ubongo wake huizima picha ya pili, na jicho lililozimwa huweza kupoteza uwezo wa kuona vizuri. Apelekwe mapema, kabla ya miaka saba. Kadiri anavyokua, ndivyo jicho hilo linavyokuwa gumu kuamshwa.

Na mtu mzima anayeona mbili ghafla, akiwa na kichwa kinachouma vikali, kope moja imeanguka na mboni yake imepanuka, huenda ana mshipa wa damu uliovimba ubongoni na unaokaribia kupasuka. Huyo asilazwe nyumbani kungoja kuche. Apelekwe hospitali usiku huohuo.