Mwenye Kukodi Chombo Si Nahodha

Meli za abiria za pwani ya Afrika Mashariki hufika visiwa vichache tu, kama vile Unguja, Pemba na Mafia. Visiwa vingi vilivyobaki havina meli wala ratiba: Kiwayu kaskazini mwa Lamu, Misali magharibi mwa Pemba, Chole na Jibondo kule Mafia, Songo Mnara jirani na Kilwa Kisiwani, pamoja na mafungu ya mchanga ya Ghuba ya Menai yanayoibuka maji yakipwa. Anayetaka kuviona hupanda mashua za wakazi zinazochukua watu na mizigo, au hukodi chombo chake mwenyewe, na njia hii ya pili ndiyo inayotangazwa sana siku hizi. Matangazo hunadi uhuru: chombo ni chako, nenda utakako, rudi upendapo. Uhuru huo ni wa kweli, ila una mpaka ambao matangazo hayautaji. Mwenye kukodi hununua nafasi chomboni na kazi ya mabaharia. Amri haimo katika bei. Amri ikibaki kwa nahodha anayeyajua maji ya mahali pale, msafiri huona mengi, hurudi salama, na kisiwa hubaki na cha kumwonyesha mgeni wa kesho.

Sababu ya kwanza ni maji yenyewe. Pwani yetu ina kupwa na kujaa kukubwa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji makuu na maji madogo yaweza kukaribia mita 4, na saa za kujaa husogea mbele kiasi cha dakika 50 kila siku. Mlango uliopitika saa tatu asubuhi Jumatatu huenda Ijumaa saa hiyo hiyo ukawa matope matupu. Magofu ya Takwa, mji wa kisiwani Manda, jirani na Lamu, ulioachwa na watu wake katika karne ya 17, hufikiwa kwa mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na chombo huingia humo maji yakijaa tu. Mgeni anayeshikilia kuondoka baada ya kifungua kinywa kirefu ataishia kuitazama mikoko kwa mbali, au ataingia na kukwama hadi maji yarudi. Nahodha wa Lamu hahitaji kubishana naye juu ya jambo hili, kwa kuwa safari zake zote, hata za kwenda Pate na mizigo ya dukani, hupangwa kwa kutazama mwezi kabla ya saa. Msafiri akikubali kupangiwa hivyo, hupoteza usingizi kidogo na kupata magofu mazima.

Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi huingia Aprili na kushika nguvu katikati ya mwaka. Mashua ya tanga moja huenda kwa raha ikipewa upepo wa nyuma au wa ubavuni, lakini ikitaka kuuendea upepo hulazimika kubisha, ikipinda huku na huku, na mwendo wa saa mbili huweza kuwa wa nusu siku. Kipindi cha utulivu baina ya pepo hizo mbili, hasa Oktoba na Novemba, ndicho kinachofungua upande wa nje wa visiwa, ule unaoelekea bahari kuu. Huko Mafia, wazamiaji hubaki ndani ya Ghuba ya Chole kusi inapokaza, kisha hutoka nje ya ghuba bahari ikitulia. Majira hayo hayo ndipo papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, anapoanza kuonekana upande wa Kilindoni, na huendelea kuonekana hadi mwezi wa pili au wa tatu. Kwa hiyo swali la maana kwa anayepanga safari ni lini kwanza, ndipo lifuate wapi.

Wapo watakaosema kwamba hayo yalikuwa mambo ya enzi za tanga, na kwamba mashine zimeyafuta. Ni kweli mashine imeokoa maisha ya wengi, na hakuna sababu ya kukataa chombo chenye mashine nzuri, hasa kwa safari yenye watoto na wazee. Lakini mashine haiondoi wimbi. Mwezi Julai 2012, kusi ikiwa juu, meli ya MV Skagit iliyotoka Dar es Salaam kwenda Unguja ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe katika bahari iliyochafuka, na abiria wengi wakafa. Mwaka uliotangulia, MV Spice Islander iliyojazwa kupita kiasi ilizama kati ya Unguja na Pemba na kuua mamia. Hizo zilikuwa meli kubwa zenye injini kubwa; boti ya kukodi ya watu kumi ina nafasi ndogo zaidi ya kukosea. Hatari kubwa ya safari ya binafsi ni kwamba aliyelipa anaweza kumsukuma nahodha: tuongeze watu watatu, tusisubiri, hela tumeshatoa. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na katika boti ya kukodi nahodha wa pili huwa ni mteja.

Jambo la tatu liko chini ya chombo, na wateja wengi hawalioni. Matumbawe ni viumbe hai. Yale yenye matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka, lakini yale mazito, yanayofanana na majabali, hukua sentimita moja au pungufu. Nanga ikitupwa juu yake kwa dakika moja huvunja kazi ya miaka mingi. Ndiyo maana kule Chumbe, kisiwa kilichohifadhiwa tangu mwaka 1994, kuvua na kutia nanga vimekatazwa juu ya mwamba wa magharibi, na waliokuwa wavuvi wakafunzwa kuwa walinzi wake. Wanyama nao hudhurika kwa mwendo wetu. Watafiti waliowachunguza pomboo wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, waliona kwamba boti za watalii zikiwapo, pomboo hupunguza kupumzika na kutafuta chakula, wakatumia muda mwingi zaidi kuhama. Mteja aliyelipa ili aogelee kati yao kwa kweli analipa ili wamkimbie.

Hapa hutokea hoja nzito zaidi. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua matumbawe mengi sana katika Bahari ya Hindi magharibi, Mafia ikiwamo, na hakuna boti iliyohusika. Basi kwa nini tuhangaike na nanga ya mashua moja? Jibu ni kwamba mwamba uliochomwa na joto huhitaji utulivu ili upone, na nanga zinazoanguka mahali pale pale kila siku huunyima utulivu huo. Joto la bahari haliamriwi na mtu wa Jibondo wala wa Matemwe kule Unguja. Mahali pa kutia nanga panaamriwa na watu wawili waliomo chomboni, na mmoja wao ndiye anayelipa.

Mwingine atauliza: je, manahodha wenyewe si ndio wanaowafukuza pomboo na kutupa nanga ovyo? Wako wanaofanya hivyo, na wengi hufanya kwa sababu mteja aliyetangulia alinuna alipoambiwa asubiri. Tabia hiyo hubadilika pale kanuni inapoeleweka na wenyeji kuishika kama yao. Misali, ambayo masimulizi ya Wapemba huihusisha na Nabii Khidhri, ilifanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, na viongozi wa dini wakahusishwa kuwakumbusha wavuvi kwamba viumbe ni amana mikononi mwa binadamu. Kule Mafia, hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995 iliwekwa katika maji ambayo watu wanaishi na kuvua ndani yake, si bahari iliyofungwa kwa ajili ya wageni. Mgeni anayekodi mashua ya mtu wa hapo anaweka fedha yake kwa nahodha, kwa mpishi, na kwa mafundi wa mahali kama Matondoni, Nungwi na Jibondo ambako vyombo bado huundwa kwa mkono. Watu hao ndio wenye hasara mwamba ukifa, hivyo ndio wenye haki na sababu ya kuamua.

Kabla ya kulipa, basi, muulize nahodha maji yanajaa saa ngapi siku ya safari, upepo utatoka wapi, atafunga chombo kwenye boya au atatia nanga mchangani, na maboya ya kujiokolea yako mangapi. Akijibu bila kusita, kaa chini na umwache afanye kazi yake. Akisema leo hatutoki, mlipe siku nyingine, maana hiyo ndiyo huduma bora kuliko zote atakazokupa.