Daktari wa Watoto na Alijue Dimbwi

Mama anamleta mwanawe wa miaka minne Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, pwani ya Kenya. Mkojo huanza safi, matone ya mwisho yakatoka mekundu. Daktari anayesomea utabibu wa watoto habahatishi. Mkojo unapimwa, na chini ya hadubini yanaonekana mayai yenye mwiba mdogo mkiani. Ni kichocho. Mtoto ana kilo 15. Praziquantel hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo, basi ni kidonge kimoja cha miligramu 600. Mtihanini angepata alama zote. Mimi nampa nusu.

Nusu iliyobaki iko nje ya geti. Mtoto anayeogelea ufuoni, mkabala na kisiwa cha Chale, hawezi kuambukizwa kichocho na bahari, maana konokono anayelea vimelea vya ugonjwa huo haishi kwenye maji ya chumvi. Mwenzake wa bara kidogo tu, anayeingia dimbwini, hupenywa ngozi na vimelea hivyo bila kuhisi kitu. Dawa huua minyoo iliyokomaa, ile michanga hubaki, na dawa hiyo haimkingi mtoto atakaporudi majini kesho.

Mwaka 1985 daktari Mwingereza Geoffrey Rose alieleza kuwa kuuliza kwa nini mtu huyu ameugua ni tofauti na kuuliza kwa nini watu wa mahali hapa wanaugua. Swali la pili ndilo tunalolipa muda mchache mno tunapowafunza madaktari wa watoto. Watoto wa Msambweni wamefuatwa na watafiti wa kichocho tangu miaka ya 1980, kwa hiyo pa kujifunzia tunapo.

Mimi ningeanza na rejista ya maabara. Mwanafunzi aandike kijiji cha kila mtoto aliyeonekana na mayai kwa miezi mitatu, kisha afuatane na mhudumu wa afya ya jamii hadi majini. Atawakuta dada wakifua, wavulana wakipiga mbizi, na kando yao kitoto kimekalishwa ndani ya beseni la maji yaleyale. Hapo atafahamu mgonjwa wake wa miaka minne, asiyejua kuogelea, aliupata wapi ugonjwa. Atafahamu pia kwa nini dawa zinazogawiwa shuleni hazikumfikia: bado hajaanza shule. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kwamba tiba ya jumla ianzie umri wa miaka miwili.

Tangu ugatuzi wa 2013, hospitali hii na huduma ya maji ziko chini ya serikali moja ya kaunti. Orodha ya vijiji mkononi mwa daktari ni hoja nzito kwa anayepanga kisima kichimbwe wapi.

Walimu wenzangu, mpeni mwanafunzi siku moja kwa wiki nje ya wodi, na mkimtahini, mwulizeni pia mtoto huyo alioga wapi.