Gari la kwanza limesimama. Je, mwanao ataliona la pili?

Mtazame mtoto wa darasa la pili akisubiri kuvuka Barabara ya Mandela saa moja kasorobo asubuhi, sare imepigwa pasi, begi limemzidi mgongo. Amesimama kwenye zebra kama alivyofundishwa. Ametazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Lori linalotoka bandarini linapunguza mwendo na kusimama. Dereva anampungia mkono: pita, mwanangu. Mtoto anakimbia.

Wazazi wengi tukiona hivyo tunashusha pumzi. Mtoto amefuata sheria, dereva ameonyesha utu. Lakini upande ule una njia mbili, na lori lililosimama kwenye njia ya kwanza limegeuka ukuta. Nyuma ya ukuta huo, kwenye njia ya pili, anakuja dereva mwingine ambaye hamwoni mtoto kabisa. Anachoona ni lori limesimama, na kwa mazoea ya jiji letu, gari likisimama ghafla tunadhani limeharibika au linashusha mtu. Kwa hiyo hafungi breki. Anaongeza mwendo alipite.

Ajali ya namna hii inastahili kuzungumzwa nyumbani kuliko nyingine zote za barabarani, kwa sababu humpata mtoto aliyefanya kila alichoambiwa. Wimbo wa kulia-kushoto-kulia haumsaidii hapo. Alipotazama kulia aliona lori, na lori likasimama. Gari la pili hakuliona kwa sababu halikuwa likionekana.

Michirizi ile meupe ni rangi tu. Jina la zebra lilienea kutoka Uingereza, ambako vivuko vya aina hiyo viliingizwa katika sheria mwaka 1951, ingawa mnyama mwenyewe ni wa kwetu. Rangi haizuii bampa. Inachofanya ni kumkumbusha dereva wajibu alionao kisheria. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka ampishe mtu aliye kwenye kivuko, na mwendo wa juu kabisa kwenye maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Dereva akipuuza, zebra inakuwa mahali pa hatari kuliko kando ya barabara, maana mtoto anaingia pale akiwa na imani.

Hesabu ya breki

Tufanye hesabu kidogo. Chukua dereva aliye makini, lami kavu, breki nzima. Tangu aone hatari mpaka mguu ufike kwenye breki, hupita kama sekunde moja. Akiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, katika sekunde hiyo gari limekwenda karibu mita 14, kisha linahitaji nyingine kama hizo hadi lisimame. Jumla ni takriban mita 28. Akiwa kwenye 30, gari zima linasimama ndani ya mita 13 hivi.

Soma tena hapo. Mahali ambapo gari la kilomita 30 limeshasimama kabisa, la kilomita 50 ndiyo kwanza linaanza kufunga breki. Mtoto akitokea umbali huo, dereva wa kwanza anamtazama kwa hasira kupitia kioo. Wa pili anamgonga kwa mwendo uleule aliokuwa nao. Na kwa 80, mwendo ambao wengi wetu hatuuoni kuwa wa ajabu barabara ikiwa tupu alfajiri, unahitaji karibu mita 57. Ongeza mvua, tairi kipara, au simu mkononi, uone.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Si malaria, si magonjwa ya kuhara.

Jicho la mtoto si letu

Kuna jambo wazazi wengi hatulijui, nalo linabadilisha namna ya kuwafundisha. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Royal Holloway, Uingereza, walipima uwezo wa kuona wa watoto wa shule za msingi. Waligundua kuwa watoto hao hawawezi kutambua kwa uhakika kuwa gari linawajia likiwa linakwenda zaidi ya takriban kilomita 32 kwa saa. Si utundu wala uzembe. Gari la kasi, wakati mtoto anapoamua kuvuka, bado liko mbali na linaonekana dogo, na ukubwa wake machoni haukui haraka. Ubongo wa mtu mzima hunasa mabadiliko hayo madogo. Wa mtoto bado. Kwake gari lile ni kama limeegeshwa.

Kwa hiyo tunapomfokea mtoto "huoni gari?", jibu la kweli mara nyingine ni kwamba halioni kama linakuja. Na ndiyo maana sikubaliani na kampeni ambazo kila mwaka, Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani ikifika, huelekeza mawaidha mengi kwa wanafunzi kuliko kwa mwenye usukani. Mtoto wa miaka saba hawezi kurekebishwa jicho kwa semina. Mguu wa dereva unaweza.

Wewe mwenye usukani

Wengi wanaosoma ukurasa huu ni wazazi na ni madereva pia, au wana dereva wa familia, au bodaboda wa mtaani anayebeba watoto wao. Basi tuzungumze kama madereva.

Ukiona gari limesimama kabla ya zebra kwenye njia iliyo jirani na yako, nawe simama. Usijiulize kwa nini limesimama. Hata kama hakuna mtu, umepoteza sekunde tano. Bodaboda hili linawahusu zaidi, kwa sababu ndio wanaopenya katikati ya magari yaliyosimama wakatokea mbele ghafla, na abiria wa nyuma una haki ya kumgusa bega ukamwambia asubiri.

Ukiwa wewe ndiye unayesimama, usiende kuiegemea michirizi. Simama mita kadhaa nyuma yake. Nafasi hiyo inafungua dirisha: mtoto anaona njia ya pili, na dereva wa njia ya pili anamwona mtoto. Anza kupunguza mwendo mapema ili taa za breki ziwaonye walio nyuma.

Na mkono ule wa ukarimu, uzuie. Najua unatoka moyoni. Lakini mtoto wa Kitanzania amelelewa kutii mkubwa, na mkubwa akimwambia pita, anapita, tena mbio ili asimcheleweshe. Hatazami tena. Wewe huwezi kumwahidi usalama wa njia usiyoiendesha. Simama tu, tulia, usipige honi, mwache aamue mwenyewe au avushwe na mtu mzima aliye karibu.

Cha kumfundisha mtoto

Mpaka afike miaka tisa au kumi, jibu fupi ni mkono. Si kushikana vidole, bali kumshika kifundo cha mkono, maana vidole huchomoka anapoona rafiki yake. Kama huwezi kuwa naye asubuhi, tafuta mtoto mkubwa au jirani wanaoongozana. Baadhi ya shule zina wanafunzi wanaoshika kibao cha kusimamisha magari. Ni msaada, ila nao ni watoto, na wanastahili mwalimu au mgambo pembeni yao.

Kwa aliyekwisha kukua, ongeza somo moja juu ya lile la kulia-kushoto-kulia. Gari likisimama kukupisha, tembea hadi pale bodi yake inapoishia, kisha simama tena. Chungulia njia ya pili kana kwamba unaanza kuvuka upya. Usikimbie, kwa kuwa anayekimbia hawezi kujizuia. Mzoeshe kwa vitendo, barabarani, si sebuleni. Mara moja haitoshi. Kumi huenda zikatosha.

Kuna barabara ambazo mafunzo hayatoshi hata kwa mtu mzima. Kipande cha Kimara hadi Kibaha kina njia nane. Kwa mwendo wa kawaida, kuvuka njia nane kunachukua zaidi ya sekunde 20. Huko mtoto mdogo asivuke peke yake, iwe kuna zebra au hakuna.

Tena si kwamba mambo hayabadiliki. Shirika la Amend liliendesha hapa Dar es Salaam mradi uitwao SARSAI, uliochagua shule zenye ajali nyingi na kuzijengea vitu vya kawaida kabisa: njia za miguu, matuta, zebra, alama, vizuizi vya kutenganisha watoto na magari, na mahali pengine lango la shule likahamishwa lisifungukie barabarani. Utafiti uliolinganisha maeneo hayo na yasiyofanyiwa kazi ulionyesha kuwa majeruhi walipungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019 mradi huo ulishinda tuzo ya WRI Ross Center ya miji, yenye dola 250,000 za Marekani, ikiwa ni mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa. Tuta moja mbele ya shule hufanya kazi asubuhi na jioni bila kuchoka wala kuomba chai. Kamati ya shule inaweza kuandika barua kwa Tarura au Tanroads, kutegemea barabara ni ya nani, na diwani apewe nakala. Wazazi 30 wakiweka saini, barua hiyo haitupwi kirahisi.

Wakati barua inasubiri majibu, kuna swali la kumuuliza dereva wa basi la shule jioni ya leo: anamshusha mwanangu upande upi wa barabara? Mabasi mengi hushusha upande yanakoelekea, na mtoto anayeishi ng'ambo hujikuta akivuka mbele ya basi lenyewe, ukuta uleule. Mbaya zaidi, dada wa nyumbani au mama mwenyewe huwa anamsubiri ng'ambo ile, na mtoto akimwona mtu wake huziona nguo zake tu, barabara haioni tena. Anayempokea avuke mapema, asubiri pale basi linaposimama, amshike mkono, na basi liondoke kwanza ndipo wavuke.