Je, Wajua? Wakati wa kumwona ofisa wa uandikishaji jeshini

Akademia ya kijeshi inayofundisha maofisa wa FARDC, jeshi la Kongo, iko Kananga, mbali na migodi ya shaba ya Kolwezi, jimboni Lualaba. Kijana wa Lualaba anayetaka kuingia huko hufanya vema kumtafuta ofisa wa uandikishaji akiwa bado katika mwaka wa mwisho wa sekondari. Akingoja matokeo ya mtihani wa Taifa, muda wa kutengeneza vyeti, hasa cha kuzaliwa na cha uraia, unakuwa mfupi mno. Wakati huo wa mapema ndio nafasi ya kuuliza masharti ya umri, afya na masomo. Maswali mengine yangojee tangazo rasmi la uandikishaji.

Umbali usimkatishe mtu tamaa. Ibara ya 189 ya Katiba ya 2006 inataka jeshi lizingatie uwezo wa mwili, elimu ya kutosha, maadili mema na uwakilishi wa haki wa majimbo yote. Lualaba, jimbo tangu 2015, limo. Kuulizia kunaruhusiwa katika umri wowote, lakini sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza kumwandikisha jeshini aliye chini ya miaka 18.