Ute wa Jicho la Ng'ombe na Macho Yanayochoma

Mwaka 1934, katika Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, mwanakemia Karl Meyer na mwenzake John Palmer walichukua macho ya ng'ombe, wakatoa ule ute mzito unaolijaza jicho kwa ndani, wakaanza kuuchunguza. Walichokuta ni sukari zilizoungana kuwa mnyororo mrefu wenye kiu kubwa ya maji. Wakaupa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kioo. Ndiyo asidi ya hayaluroniki, ambayo siku hizi huuzwa famasi katika vichupa vya machozi bandia, mara nyingi kwa jina la sodiamu hayaluroneti.

Neno "asidi" lisimtishe mtu. Mwili wa mtu mzima wa kilo 70 una takriban gramu 15 za kitu hiki, kwenye ngozi, kwenye maungio na ndani ya jicho lenyewe. Hapo awali ile ya hospitalini ilitolewa kwenye upanga wa jogoo, ile nyama nyekundu ya kichwani. Sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo wameachiwa bakteria wanaokuzwa kwenye matangi ya viwandani, na jogoo amepata nafuu.

Machozi nayo si maji matupu; ni utando wa tabaka tatu. Chini kuna ute unaoyashikiza kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, katikati kuna maji, na juu kuna mafuta membamba yanayozuia maji yasikauke. Kila mara mtu anapopepesa macho, kope huutandaza upya utando huo. Ukikatika mapema, konea hubaki wazi, na jicho huchoma kana kwamba limeingiwa na mchanga. Hapo tezi hushtuka na kumwaga machozi mepesi kwa wingi. Ndiyo maana wapo wagonjwa wanaojifuta machozi kwa leso huku daktari akiwaambia kwamba macho yao ni makavu, nao wakadhani wanataniwa.

Siri ya asidi hii inaeleweka haraka kwa aliyewahi kushika ute wa yai. Ukiuacha utulie, ni mzito. Ukiusugua kati ya vidole, unateleza. Jicho likiwa wazi, minyororo ya hayaluroniki hujisokota na kushikana, tone likawa zito na kung'ang'ania konea. Kope ikishuka kwa kasi, minyororo hunyooka na kujipanga upande mmoja. Uzito hupungua, kope hupita bila kukwaruza. Ikipanda, uzito hurudi. Maji ya chumvi hayana ufundi huo. Yakidondoshwa, baada ya muda mfupi yameshateremkia puani.

Matone mengi ya hayaluroniki huwa na asilimia 0.1 hadi 0.4 ya dawa. Je, yanashinda machozi bandia ya aina nyingine? Mwaka 2016 wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walichapisha mapitio ya majaribio 43 ya machozi bandia, wakaona kwamba kwa jumla yanasaidia na kwamba mengi yanakaribiana kwa nguvu. Kwa hiyo bei kubwa peke yake si hoja.

Hoja ni chupa. Matone mengi hutiwa kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloridi ili yasiote vijidudu, na kemikali hiyo hiyo huumiza ngozi laini ya jicho ikitumika mara nyingi. Anayedondosha zaidi ya mara nne kwa siku aombe yasiyo na kihifadhi, ya vichupa vya kutumia mara moja au ya chupa yenye vali maalumu. Tahadhari hii ina mfano mchungu. Mwaka 2023 nchini Marekani, mlipuko wa bakteria sugu ulihusishwa na machozi bandia yasiyo na kihifadhi yaliyotiwa kwenye chupa za kutumia mara nyingi. Dawa yenyewe haikuwa hayaluroniki, lakini watu wanne walifariki na wengine wakapoteza uwezo wa kuona.

Hata tone zuri halitibu chanzo. Anayekodolea kompyuta kutwa nzima hupepesa macho mara chache kuliko kawaida. Dereva wa bodaboda asiye na miwani hupigwa na upepo na vumbi. Dawa za mzio na mafua nazo hukausha. Tezi za mafuta kwenye kope zikiziba, kitambaa safi chenye uvuguvugu kikiwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika kumi kinaweza kusaidia kuliko chupa ya pili. Mtoto ambaye macho yamekauka kwa upungufu wa vitamini A, au mtu mwenye makovu ya trakoma, anahitaji hospitali.

Kosa kubwa zaidi hufanyika dukani, pale mtu anapoomba tu "dawa ya macho mekundu". Anaweza kupewa matone ya kung'arisha, ambayo yakiachwa wekundu huweza kurudi kwa nguvu zaidi, au yenye steroidi, ambayo yakitumika muda mrefu huweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Jicho likiuma sana, likiogopa mwanga au likianza kuona ukungu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo.

Na ukishafungua chupa, iandike tarehe kwa kalamu. Kama maelezo yake hayasemi vinginevyo, siku ya 28 itupe, hata ikiwa imebaki nusu.