Kamera ya Kwaya na Giza la Kanisani

Kwaya ikiimba jioni ndani ya kanisa huku kwetu Kibua, taa mbili tatu za sola zatosha macho ya mwanadamu, lakini hazitoshi kamera yo yote tu. Basi kabla ya kutoa fedha, ambazo ni jasho la watu waliouza maharage na mihogo, yafaa kujua kamera huona namna gani.

Wala jambo hili si mchezo. Tangu vita vilipozuka Ntoto mwezi wa Machi 1993, watu wa Masisi na Walikale wamehama mara nyingi, na wengine hawatarudi tena. Yawezekana vidio ya kwaya ikawa ndiyo picha pekee ya mama fulani akiimba. Fikirini jamaa zake wanaifungua, nao waona kanzu nyeupe zinang'aa, na juu ya kanzu hizo vivuli visivyo na nyuso!

Lawama si ya rangi yetu. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilipima rangi za picha zake kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyoitwa Shirley, hata nyuso nyeusi zikapotea gizani. Kamera za leo ni bora zaidi, lakini zikiachwa zijipimie mwanga zenyewe, hufuata kanzu na mishumaa. Kwa hiyo chagueni kamera inayokubali kupimwa kwa mkono, kisha mpigaji aupime mwanga kwa uso wa mwimbaji, hata kama altare itazidi kuwa nyeupe.

Jambo kubwa kupita yote ni kihisi, yaani kile kigae kidogo ndani ya kamera kinachopokea mwanga. Ni kama kukinga mvua: karai hukusanya maji mengi kuliko kikombe. Kihisi cha inchi moja kina upana wa milimita 13 hivi na kimo cha 9. Kile kikubwa kina 36 kwa 24, yaani eneo zaidi ya mara saba. Wauzaji hupenda kusifu wingi wa megapikseli. Msiwasikilize sana. Sony ilipotoa kamera ya A7S mwaka 2014, iliipa megapikseli 12 tu, nayo ikapata sifa kwa kuona gizani.

Kisha tazameni tarakimu iliyoandikwa kwenye lenzi baada ya herufi f. Iliyo ndogo ndiyo nzuri: lenzi ya f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne kuliko ya f/3.5. Lenzi nyingi zenye uwezo wa kuvuta mbali hupoteza mwanga zinapovuta, kwa hiyo mpigaji na asogee karibu, bila kuwaziba wazee wa mbele.

Jenereta zetu hutoa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Wekeni picha 25 kwa sekunde, na kila picha ipokee mwanga kwa sehemu ya 1/50 ya sekunde. Hapo mistari ya kumetameta kwa kawaida hutoweka. Tena kamera nyingi za picha za kawaida zilitengenezwa zikome kurekodi baada ya dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu ya ushuru wa Ulaya. Tamasha la saa mbili litakatika katikati ya wimbo! Ulizeni hilo mapema, na mwulize pia kama ina tundu la kipaza sauti cha nje, maana ngoma zikilia karibu, kipaza sauti cha ndani huharibu sauti zote.

Mkifika dukani Goma, msiijaribu kamera mlangoni penye jua. Mwombeni mwenye duka azime taa na kufunga pazia, mmoja wenu asimame pembeni amevaa shati jeupe, mpige dakika moja, kisha mtazame kwenye kioo kikubwa kama macho yake yaonekana.