Kidole Tumbo kwa Watoto: Kupima Kabla ya Kupasua (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kidole tumbo kinavyoziba, kikavimba na hatimaye kupasuka. Leo tuone namna ya kukigundua mapema bila kumtesa mtoto.

Zamani daktari mwenye shaka alipasua tumbo ili aone kilichomo, na si mara chache alikuta kidole tumbo kizima. Mwaka 2002 Dkt. Madan Samuel alichapisha kipimo cha alama 10 kwa watoto. Maumivu kuhamia chini kulia, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu au kutapika, na homa: kila dalili alama 1. Kuumia upande huo unapobonyezwa, alama 2. Kuumia pale pale anapokohoa au kuruka, 2 nyingine. Alama 2 za mwisho hutoka kwenye damu, chembe nyeupe zikiongezeka.

Kipimo cha kuruka nakithamini kuliko vyote. Mtoto aliyevimba kidole tumbo hukataa kuruka, au huruka mara moja akajishika ubavu wa kulia. Hakihitaji umeme, zahanati yoyote inakiweza.

Mwenye alama 3 au pungufu, uwezekano ni mdogo. Akifikisha 7, daktari wa upasuaji aitwe. Wa katikati ndiye wa kupigwa ultrasound. Mholanzi Julien Puylaert alionyesha mwaka 1986 kwamba kifaa kikikandamizwa taratibu tumboni, kidole tumbo kilichovimba hakibonyei, na unene wake huzidi milimita 6. Watoto wengi ni wembamba, hivyo picha hutoka vizuri, tena bila mionzi ya CT-Scan. Kisipoonekana na shaka ikabaki, mtoto alazwe, tumbo lishikwe tena baada ya saa chache.

Kwetu Tabora, mkoa mkubwa kuliko yote nchini, tatizo ni umbali. Urambo na Kaliua si karibu na Hospitali ya Kitete. Tena malaria ni nyingi: kipimo chake kikionyesha vimelea, homa na kutapika hupewa jina hilo, na tumbo halishikwi tena. Nyumbani nako husemwa ni chango, mtoto akanyweshwa dawa ya kuharisha, jambo la hatari kubwa. Walio chini ya miaka 5 hawajui kueleza wanapoumia, na wengi wao hugunduliwa kidole tumbo kikiwa kimekwisha kupasuka.

Nawasihi waganga wa zahanati: malaria ikithibitika, shikeni tumbo hata hivyo. Na barua ya rufaa itaje saa maumivu yalipoanza, alama mlizohesabu na dawa alizokwisha kumeza.